Kocha Aliyeagwa

Ukikutana na Faustine Temu, usimuulize anafanya kazi gani. Miaka yote alikuwa akijibu kwamba yuko ofisi ya nyumba ya manispaa, anahangaika na watu ambao mabomba yao yanavuja, na hapo alikuwa hajakwambia kitu. Muulize Jumapili yake ilikwendaje. Loo! Macho yatawaka, ataanza kupanga vikombe mezani, hiki beki, hiki mrushaji, kopo la chumvi ndiye adui, na chai yako itapoa hujaigusa.

Maana huyu mtoto wa Kibosho, aliyekuja London kusoma akiwa kijana, hakupenda mpira wa miguu kama watu wengine wenye akili zao timamu. Alipenda ule wa Wamarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki, mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama papai bichi. Aliukuta chuoni, akaambiwa timu inatafuta watu wanene. Yeye hakuwa mnene, alikuwa mpana, wakamchukua hivyo hivyo. Akacheza mpaka goti likamgomea. Siku daktari alipomwambia basi, alilia kwenye kochi la dada yake Placida, akalia kweli, machozi na makamasi. Placida ni muuguzi, amezoea kuona watu wakilia. Akamwacha amalize, kisha akamwambia anawe uso aje ale. Jumapili iliyofuata Faustine alirudi uwanjani na filimbi shingoni.

Ndivyo ilivyozaliwa timu ya Nyati, pale mtaani Woolwich. Watanzania, Wakenya, Wakongo, Wanijeria wawili watatu na kijana mmoja wa Kipolandi ambaye hakuna aliyejua alifikaje. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Sasa katika mchezo huu, kabla ya kila pigo kocha hupaza sauti kutaja mpango, na adui naye ana masikio. Faustine akaipa mipango yake majina ya vyakula vya kwao. Akisema "Ndafu!" maana yake wote sukumeni katikati kwa nguvu. Akisema "Mtori!", ile supu laini ya ndizi, maana yake adui anakuja mbio, basi mrushieni mkimbiaji mpira mfupi, mlaini, upite juu ya vichwa vyao. Yule Mpolandi ndiye aliyekuwa akiyaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na hajawahi kuonja hata ndizi moja ya Kibosho maskini.

Msaidizi wake alikuwa Kizito, Mhaya wa Bukoba, dereva wa basi. Walitaniana kutwa. Faustine alisema Mhaya hawezi kuomba maji bila kukutajia shule aliyosoma, na Kizito alisema Mchaga anapoanguka hainuki mpaka ahakikishe hakuna senti pale chini. Lakini kila mazoezi yakiisha, Kizito ndiye aliyezunguka uwanja kuokota koni, moja baada ya nyingine, kwa sababu kuokota koni ni kazi ya msaidizi. Akisahau moja, Faustine alimpigia kelele mbele ya watu. Kizito alicheka tu, akairudia.

Haya. Mtu mwingine angetosheka. Faustine hakutosheka. Alitaka kuwa kocha wa kulipwa. Si kwa ajili ya pesa, msimsingizie. Alitaka aamke Jumatatu asubuhi na kazi iwe ndiyo hiyo, isiwe bomba la mtu. Kila likizo yake aliimaliza Amerika, kwenye kambi za timu za huko, akijitolea kubeba mipira na chupa za maji ili mradi awe karibu, asikie makocha wanavyozungumza. Akirudi alikuwa mnyonge wiki nzima. Placida alimwona anavyokula bila kusema, akajua, akamwongezea mboga.

Hatimaye, mwishoni mwa baridi moja, ikaja. Kocha mmoja aliyewahi kumwona kambini alipewa timu, timu ndogo ya ligi ndogo katika mji wa Ohio ambao hata Wamarekani wenyewe hawaujui, akamkumbuka yule Mwafrika mpana wa London. Alimtaka awe msaidizi wake wa mabeki wa kati. Kwa mshahara! Faustine alisoma ujumbe ule amesimama sokoni Woolwich mbele ya meza ya viazi vitamu, akamkumbatia mwenye viazi.

Sasa ngojeni niwaambie kosa, na kosa hili lilifanywa na watu wanaompenda. Kwao mtu haondoki hivi hivi. Mtu anaagwa. Kibali cha kazi kilikuwa bado, kimeahidiwa wiki ifuatayo, na Faustine akasema, "Dada, tusubiri kitoke kwanza."

"Kitatoka," alisema Placida. "Umeshakubaliwa, sherehe isubiri nini tena? Ukumbi wa kanisa uko wazi Jumamosi hii tu, na mbuzi nimeshaagiza."

Na Placida akishaagiza mbuzi, wewe nani? Wakamuaga. Ndafu ikaingia ukumbini, mbuzi mzima aliyebanikwa, amesimamishwa juu ya sinia na majani mdomoni, vigelegele mpaka wazee wa Kiingereza wa nyumba ya jirani wakachungulia. Faustine akakata kipande, akamlisha dada yake, naye dada yake akamlisha. Padri akambariki. Wachezaji wakamvika koti zito la baridi ya Ohio. Kisha Faustine, mbele ya kadamnasi, akavua filimbi yake akamvika Kizito. Kizito, Mhaya mwenye maneno mengi kuliko redio, aliishika kwa mikono miwili. Alilia.

Siku chache baadaye simu ikalia. Ni yule kocha wa Ohio mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imechoka. Mwenye timu alikuwa amemfukuza, hata msimu haujaanza. Na katika kazi ile, kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake wote wanatoka naye. Atakayekuja anakuja na watu wake. Ndiyo desturi yao, na Faustine aliijua vizuri kuliko mtu yeyote Woolwich. Alikuwa amefukuzwa kazi ambayo hajaifanya hata siku moja.

Unasema, si angesema tu? Lo, ni rahisi kwako wewe uliyekaa. Angesemaje? Ameshalishwa ndafu. Ameshabarikiwa. Kazi ya manispaa ameshaiacha. Na filimbi iko shingoni mwa Kizito. Aende akamvue, amwambie nilikuwa natania? Hilo la filimbi ndilo lililomfunga. Kizito alikuwa ameokota koni miaka na miaka akingoja, na Faustine hakuwa tayari kuwa mtu wa kumnyang'anya.

Basi akanyamaza, siku ya safari ikafika. Walimsindikiza uwanja wa ndege gari tatu nzima. Wakaimba. Placida akamshika shavu akamwambia, "Uwe unakula." Faustine akapunga mkono, akaenda na masanduku yake mpaka kwenye kona, akaingia chooni. Akakaa humo, jamani, mwanamume mwenye miaka arobaini na kitu, amekumbatia koti la Ohio, mpaka alipoona bila shaka wameshaondoka. Kisha akatoka akapanda basi la Harrow, upande mwingine wa London.

Kwa nini Harrow? Kwa sababu hakuna mtu wa Woolwich anayekwenda Harrow. Na kwa sababu huko kuna Kalpana, ambaye kila mtu humwita Mama Nikhil, mwanamama wa Kihindi mzaliwa wa Moshi mjini, ana duka la unga, dengu na viungo, na Kiswahili chake ni cha Moshi kabisa, unaweza kukisikia ukadhani umefika stendi. Faustine alikuwa mteja wake wa zamani. Mama Nikhil akampa chumba juu ya duka na kazi ya kubeba magunia, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wewe mtoto ni mjinga sana. Umekula?"

Hapo ndipo Amerika ya Faustine ilipoanza. Kila Jumapili alipiga hesabu ya saa za Ohio, akamtumia dada yake sauti: huku baridi, huku watu wakarimu, huku chakula hakina chumvi. Alijifungia stoo kati ya magunia ya mchele ili mabasi yasisikike. Mara moja, kwa kutaka kunogesha, alipiga picha mbele ya duka kubwa lenye uwanja wa magari, akaituma na maneno, "Nimetoka mazoezini." Placida akajibu, "Umependeza sana mdogo wangu." Faustine akashusha pumzi, akaamini mambo yamekwenda.

Lakini moyo, moyo haukwenda popote. Faustine alipakumbuka Woolwich kama mtu aliye ng'ambo ya bahari, na Woolwich iko pale pale, saa moja na kidogo kwa treni. Ndilo lililomtesa. Mtu wa Ohio angeweza kujisemea ni mbali. Yeye alilala akisikia treni za mjini zikipita, akijua kwamba ukishuka stesheni ya Farringdon ukapanda treni ile ya zambarau unatokea sokoni Woolwich kabisa. Aliikumbuka harufu ya nyasi zilizolowa. Aliwakumbuka vijana wanavyogombania maji. Akiwa anapanga makopo ya nyanya kwenye rafu alijikuta ameyapanga safu ya ulinzi, mawili nyuma, manne mbele, na mteja anangoja. Na Ohio nayo ilimuuma, ule mji asioujua, ule uwanja ambao mtu mwingine amesimama sasa pembeni yake akilipwa. Alizitamani zote mbili kwa pamoja, aliyoiacha na asiyoifikia, mpaka hakula vizuri.

Mama Nikhil alimvumilia majira ya kuchipua yote. Kiangazi kilipoingia akachoka.

"Mwamerika wangu," alimwambia siku moja wakipima dengu, "unajua mimi niliondoka Moshi nina umri gani?"

"Hujaniambia, mama."

"Msichana wa shule. Baba alifunga duka, tukapanda ndege. Mpaka leo nikifunga macho nauona mlima toka dirishani kwetu. Nimelia miaka. Lakini mimi sikuwa na treni ya kunirudisha." Akanyoosha mkono wenye unga kuelekea kituoni. "Yako ile pale. Inapita kila dakika inanipigia kelele dukani kwangu. Usinililie mimi, mwanangu. Nitakuonea hasira."

Faustine alifunga mfuko wa dengu vibaya, ukamwagika, akapiga magoti kuziokota.

Mwezi wa nane ukaja ujumbe wa Kizito. Hakuwa akimsumbua mara kwa mara, alijua makocha wa kulipwa hawana nafasi. "Kocha, salaam. Jumapili ni mechi ya mwisho, hapa nyumbani. Tukifungwa tunashuka daraja. Sijui nimekosea wapi. Tuombee huko uliko."

Aliusoma mara moja akaiweka simu mfukoni. Akaitoa akausoma tena. Hilo neno, sijui nimekosea wapi, lilimchoma, kwa sababu ni neno la kocha. Yeye mwenyewe alilisema peke yake bafuni miaka mingi. Na sasa Kizito hakuwa na mtu wa kumwambia. Yeye Faustine miaka hiyo alikuwa na Kizito.

Jumapili hiyo aliazima kofia pana ya kriketi ya Nikhil, akaivuta mpaka kwenye nyusi. "Naenda kuangalia tu," alimwambia Mama Nikhil. "Sisemi kitu."

"Nenda," alisema mama, hakuinua hata kichwa. "Kwani nimekuuliza?"

Akafika, akasimama nje ya uzio, nyuma ya watu wenye watoto na ice cream. Moyo ulimwenda mbio kama mwizi. Nyati walikuwa nyuma kwa pointi saba na muda unakatika. Pembeni ya uwanja alimwona Placida na mkoba wake wa huduma ya kwanza, amekonda kidogo au ni macho yake. Akamwona Kizito na filimbi, anatafuna ukosi wa shati lake.

"Ndafu!" aliita Kizito. Vijana wakasukuma katikati. Ukuta. "Ndafu!" Tena ukuta. Faustine aliona kila kitu. Adui alikuwa amewajaza watu wote mbele, wameinama, wanasubiri ndafu hiyo hiyo. Nyuma yao hapakuwa na mtu, uwanja mtupu, unaweza kuanika kahawa. Kizito hakuweza kuliona pengo hilo kutoka aliposimama. Msaidizi angeliona. Kazi ya msaidizi ni kusimama upande wa pili na kuona. Lakini upande wa pili hapakuwa na mtu.

Kizito akavuta pumzi kuita tena, na Faustine, aliyeapa kwamba hasemi kitu, akasikia sauti ikitoka kifuani mwake kabla hajaikataza.

"Mtoriii!"

Watoto wakaangusha ice cream. Uwanja mzima ukasimama. Helmeti zote za Nyati ziligeukia uzio, maana sauti ile waliijua kuliko sauti za mama zao, na kwa hesabu zao ilikuwa Ohio. Yule Mpolandi alifanya ishara ya msalaba. Kizito akageuka polepole, akaitazama kofia ya kriketi. Faustine alitamani ardhi ipasuke. Walitazamana hivyo, na Kizito angeweza kabisa kugeuka akaita ndafu yake. Filimbi ilikuwa yake, na timu ni yake.

Akageukia vijana wake. "Mmesikia," alisema. "Mtori!"

Mpira ukapita juu ya vichwa, mlaini, mfupi. Mkimbiaji akaudaka, hakuna mtu mbele, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja akianguka kwa kicheko. Watu wakaruka. Pointi sita zimeingia, sasa bado teke moja la pointi moja ili walingane. Teke likapigwa. Mpira ukaenda, ukagonga nguzo, ukarudi.

Hawakulingana. Nyati wakashuka daraja, kwa pointi moja.

Faustine alishika uzio kwa mikono miwili. Wakati vijana wanapeana mikono na washindi, Placida alikuja taratibu akivuka nyasi, na mkoba wake begani, akasimama mbele yake, uzio katikati.

"Ndege imefika saa ngapi?" aliuliza.

"Dada..."

"Nauliza tu. Nijue kama umekula."

"Dada, nilikudanganya."

"Mimi?" Placida aliguna. "Umenitumia picha uko Amerika, gari nyuma yako lina namba za njano za hapa hapa na usukani kulia. Nilikuwa naiangalia zamu nzima. Wagonjwa wananiuliza, sista unacheka nini, kumbe nalia."

"Sasa kwa nini hukuniita?"

Hapo Placida akatazama chini. "Ningekuitaje? Ni mimi niliyekuaga. Ulisema tusubiri, nikakujibu mbuzi ameshaagizwa." Sauti ikamkatika. "Nilijua nikikuita nitakuaibisha mara ya pili. Nikasema nitangoja aje mwenyewe. Basi nikangoja, Fausti. Nimengoja wee." Akapitisha vidole kwenye matundu ya uzio, akamshika vidole vyake, wakalia wote wawili mchana kweupe bila kujali nani anatazama.

Kizito alifika akiwa na jasho la kushindwa. Faustine akavua kofia. Akaanza na lile lililomfunga tangu mwanzo.

"Filimbi ni yako, Kizito. Sikuja kuichukua. Nimekuja kuangalia tu."

"Hata ungeitaka sikupi," alisema Kizito. "Nimeshazoea." Akaifuta filimbi kwa kidole. "Ohio ilikuwaje?"

"Walimfukuza mkubwa wangu. Nikatoka naye. Sikuwahi kufika."

"Pole, Kocha." Alilisema pole pole, kwa moyo, na ndiyo pole ya kwanza ambayo Faustine aliipata kwa Ohio yake, ikamwingia mpaka ndani. Kisha Kizito akatazama upande wa pili wa uwanja, mahali patupu. "Pale pangu pa zamani sijaweka mtu msimu mzima. Vijana wameniuliza, nikawaambia tulieni. Sasa tumeshuka, huko chini watatuonea vizuri. Nataka msaidizi. Na usiwe na wasiwasi, mimi sifukuzwi."

"Umejuaje?"

"Nani atanifukuza? Hakuna anayenilipa."

Faustine alicheka, kisha kicheko kikageuka, akajifuta kwa kofia ya watu. Ohio bado ilimuuma, itamuuma siku zote. Akauzunguka uzio mpaka kwenye lango. Vijana walikuwa wanavua helmeti, wanamtazama. Alipita katikati yao, akaenda mpaka kona ya mbali ya uwanja, akainama na goti lake bovu, akaokota koni ya kwanza.

"Na ile ya kule!" Kizito alimpigia kelele mbele ya watu. "Usiisahau ile ya kule!"

Faustine akairudia.